Jaza bwawa jioni: usalama wa kazi kwa wafugaji wa samaki Unguja na Pemba

Bwawa la mwatiko, samaki wa maji ya chumvi, lililochimbwa nyuma ya mikoko hufuata saa za bahari. Maji mafu, yaani siku bahari inapojaa kidogo, hayafiki kwenye mlango wa bwawa, kwa hiyo maji hubadilishwa siku za bamvu, bahari inapojaa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo kwetu bahari hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila mvuvi anajua hesabu hiyo. Hata hivyo wako wafugaji wanaomtuma kijana peke yake gizani akainue mbao za mlango, kana kwamba maji ya jioni hayapo.

Jaza kwa maji ya jioni. Yasipotosha, endelea jioni ya kesho, maana bamvu halimaliziki kwa siku moja. Kumwaga maji na kukokota juya kufanywe asubuhi bahari ikipwa, watu wakiwa wanaonana. Dharura ipo: samaki wakipanda juu kutweta kabla ya alfajiri, hewa ya majini imepungua na huwezi kungoja. Hapo waende wawili, na mmoja abaki juu ya tuta na tochi na kamba.

Mlangoni penyewe ndipo pa kuogopa zaidi. Ubao ukiinuliwa, maji huvuta kwa nguvu, na mguu ulio mbele ya bomba unaweza kunaswa. Simama juu, toa ubao mmoja mmoja kwa ndoana yenye mpini mrefu, na usishuke kuzibua taka maji yakiwa yanapita. Pembeni liwekwe dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Mtu akizidiwa na maji, mtupie dumu. Usimrukie, maana anayezama humng'ang'ania anayemwokoa. Aliyekwama topeni ajilaze kwa mgongo, asipigepige miguu.

Mabuti marefu ya mpira yanafaa juu ya tuta, lakini kwenye kina hujaa maji na kumlemea mtu. Majini ni bora raba za kufunga kamba, ambazo pia huzuia magamba ya chaza. Samaki aitwaye taa, mwenye mwiba, hujificha chini, kwa hiyo buruta nyayo unapotembea naye atahama. Akikuchoma, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwanza kwa mkono usioumia usije ukaungua, kisha nenda hospitali. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe nyumbani. Jeraha lolote, hata la gando la kaa, lioshwe siku hiyo hiyo kwa sabuni na maji safi. Likivimba upesi au homa ikapanda, usingoje kesho. Mwenye ugonjwa wa sukari asiingie majini na kidonda.

Wanaofuga perege kwenye mabonde ya maji baridi hawana shida ya bamvu, lakini wana kichocho. Konokono wanaokibeba hawaishi kwenye maji ya bahari. Wanapenda vijito na mabwawa yenye majani kandokando. Vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, karibu na adhuhuri. Kazi ya asubuhi mapema hupunguza hatari, ingawa haiiondoi. Fyeka majani ukiwa umesimama juu ya tuta. Weka wavu wa matundu madogo pale maji yanapoingilia. Choo kiwe mbali na bwawa na mtu asikojoe majini, kwa kuwa mayai ya kichocho hupita kwenye mkojo. Kukausha bwawa baada ya kuvua kunasaidia kiasi tu. Baadhi ya konokono hawa hustahimili ukame ndani ya tope. Maofisa wa afya wanapopiga dawa ya konokono kijitoni, waambieni bwawa lenu linapopatia maji, kwani dawa hiyo huua na samaki. Anayekojoa damu aende kituo cha afya apewe prazikwanteli, na ajue kwamba dawa haimzuii kuambukizwa tena. Kwa kina mama, maumivu ya tumbo la chini na kutoka damu huweza kuwa kichocho. Wamwambie daktari kwamba kazi yao ni ya bwawani.

Chokaa ya kutibu bwawa huunguza macho, hasa ile iliyotoka tanurini ambayo haijazimwa kwa maji. Inyunyize upepo ukiwa mgongoni, kwa miwani na glavu, na jicho likiingiwa lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20. Wanaofuga majongoo bahari nao wasijifute macho kabla ya kunawa. Ute wake una sumu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Kwenye kikundi cha wafugaji mwajiri haonekani, ndiyo maana raba na glavu hubaki kuwa shauri la kila mtu na mfuko wake. Afadhali fedha za vifaa zitolewe siku ya mauzo, kabla ya mgao. Zisipotosha vyote, zianze na kamba, dumu na tochi.