Kumwandaa kijana wa malezi ya kambo kwa maisha ya baada ya miaka 18: mwongozo kwa walezi wa Moshi na Arusha

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia isiyo ya wazazi wake chini ya usimamizi wa Ustawi wa Jamii, yamejengwa juu ya ukomo huo. Maisha ya kijana hayafuati ukomo huo. Akitimiza miaka 18, kijana wa Pasua au wa Sakina aghalabu bado yuko kidato cha nne, au amemaliza juzi na anasubiri matokeo. Hana kazi, hana chumba, na mara nyingi hana hata cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba hafukuzwi siku hiyo, bali huendelea kula na kulala kwao mpaka apate pa kushika. Kijana wa kambo ndiye anayeanza kuulizwa, wakati mwingine kwa maneno na wakati mwingine kwa macho tu, ataondoka lini. Ushauri mkuu wa mwongozo huu ni kwamba mlezi aanze maandalizi kijana akiwa na miaka 14 au 15, na aanze na mambo mawili ambayo fedha haiwezi kuyarekebisha kwa haraka baadaye, yaani nyaraka zake na ndugu zake.

Nyaraka

Nyaraka ya kwanza inakuhusu wewe mlezi. Hakikisha unayo nakala ya barua iliyokukabidhi mtoto, kwa kuwa kila ofisi utakayokwenda itataka kujua wewe ni nani kwake. Ikiwa mtoto aliletwa na jirani au na kiongozi wa dini bila ofisi yoyote kujua, basi kisheria hajawa katika malezi ya kambo, hata kama umemlea kwa mapenzi kwa miaka mingi. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, eleza hali ilivyo na uombe malezi hayo yarasimishwe. Walezi wengi huiogopa hatua hii. Ni kweli kwamba afisa atakuja kuikagua nyumba na kuzungumza na mtoto mwenyewe, lakini ukaguzi huo ndio unaompa mtoto mtumishi wa serikali anayemjua kwa jina, na hiyo ni kinga kwake na kwako pia.

Kisha shughulikia cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto ambaye hakusajiliwa alipozaliwa, usajili wa kuchelewa hufanyika kupitia ofisi ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, iliyo wilayani, na ushahidi unaotafutwa ni vitu kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule ya msingi na barua ya mtendaji. Vitu hivi hupotea kadiri miaka inavyopita: bibi aliyehifadhi kadi ya kliniki sandukuni anaweza kufariki, na nesi aliyemkumbuka mama mzazi anahamishwa kituo. Ndiyo maana kazi hii haipaswi kusubiri mpaka kijana atakapoihitaji.

Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa lazima lifanane, herufi kwa herufi, na lile linaloandikwa shuleni, hasa pale anaposajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, kwa sababu jina hilo ndilo litakalomfuata hadi kwenye vyeti vya sekondari. Walezi wenye nia njema humwandikisha mtoto kwa jina la ukoo wao ili asijione tofauti na wenzake nyumbani. Nauelewa moyo huo, lakini sikubaliani nao. Miaka kumi baadaye kijana hujikuta ana cheti cha kuzaliwa chenye jina moja na cheti cha kidato cha nne chenye jina lingine, na huanza kuzunguka kwa mawakili akitafuta viapo wakati wenzake wanajaza fomu za vyuo. Ikiwa familia inataka kumpa mtoto jina la ukoo wao kabisa, njia yake ni kuasili, yaani kumfanya mtoto wao kisheria, hatua ambayo huamuliwa na mahakama na huwa na masharti yake.

Akifikisha miaka 18, mpeleke NIDA mara moja. Fomu ya Kitambulisho cha Taifa huuliza habari za wazazi na huambatana na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo kijana asiyejua wazazi wake walizaliwa wapi hukwama hapo. Bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na kufungua akaunti ya benki kunakuwa kugumu. Ikiwa wazazi wake wamefariki, tafuta pia vyeti vya vifo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwataka waombaji yatima wavioneshe vyeti hivyo vikiwa vimehakikiwa na RITA, na kifo kilichotokea kijijini bila kusajiliwa huchukua muda kupatiwa cheti. Barua za waliomfadhili shuleni nazo zitunzwe, maana huulizwa wakati huohuo.

Ndugu na ukoo

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kuwa na jina, kuwa na uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa pamoja na familia pana. Huku Uchagani haki hiyo ina uzito wa pekee. Mtu huulizwa ni wa ukoo gani kabla hajaulizwa anafanya kazi gani, na kijana asiye na jibu hujiona mgeni hata katika mtaa aliokulia. Mlezi asichukulie swali la kijana kuhusu mama yake kuwa ni utovu wa shukrani. Ni swali la kila binadamu, na kwa umri wa miaka 15 huwa limeshaulizwa kimya kimya kwa muda mrefu.

Anza kwa kuandika kila unachokijua: majina ya wazazi, kijiji, kanisa au msikiti waliosali, shule, na jina la shangazi au baba mdogo yeyote anayetajwa. Mpe afisa habari hizo, na panga naye namna ya kuonana na ndugu. Usimpeleke kijana ghafla, kwa sababu huenda nyumba hiyo ndiyo iliyomuumiza, na afisa anaweza kuwa na taarifa ambazo wewe hukuambiwa. Ikionekana ni salama, mwezi Desemba ni wakati mzuri, kwa kuwa watu wa Marangu, Kibosho, Machame na Rombo waliotawanyika mijini hurudi nyumbani, na kijana anaweza kuwaona wengi kwa siku moja badala ya kuwatafuta mmoja mmoja. Mwambie mapema kwamba si wote watakaomkumbatia. Kwa wengine, bibi mmoja anayepiga simu kila mwezi ndiye atakayekuwa ukoo mzima, na hilo linatosha kuanzia.

Pamoja na ndugu kuna suala la mali, ambalo walezi wengi hulikwepa wasije wakaonekana wanatamani kihamba (shamba la ukoo) cha watu. Kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake, wala hakitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Ikiwa baba wa kijana alifariki, uliza kama mirathi ilifunguliwa. Mara nyingi shauri huanzia Mahakama ya Mwanzo kwa muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi na kuwataja warithi, na mtoto aliyekuwa makao ya watoto mjini Moshi au Arusha wakati kikao kinaketi ni rahisi kuachwa nje ya orodha. Mwombe afisa afuatilie, au tafuta msaada wa kisheria. Mjini Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake na watoto katika mashauri ya namna hii. Mlezi abaki kuwa shahidi na msindikizaji, asiwe mdai.

Ndani ya nyumba

Kijana aliyehamishwa kutoka mikono hii kwenda ile hujifunza kutomwamini mtu. Anaweza kuficha chakula ingawa sufuria limejaa, kudanganya katika jambo dogo lisilo na faida, au kuharibu uhusiano siku ileile alipoanza kuupenda. Tabia hizi hupungua pale ratiba ya nyumba inapotabirika na adhabu inapolingana na kosa. Neno linalozirudisha zote ni kumtishia kwamba atarudishwa alikotoka. Neno hilo lisitamkwe kabisa, hata katika hasira kubwa, na ndugu wanaotembelea nyumba nao waonywe, kwa kuwa mara nyingi maneno ya "mtoto wa kuokota" hutoka kwa wageni.

Kazi za nyumbani ziwepo, kwani kijana asiyejua kupika, kufua na kukata majani ya ng'ombe atateseka akiwa peke yake. Kipimo ni rahisi: tazama kama watoto uliowazaa wanafanya kazi zilezile na kulala saa ileile. Kama wao wanajisomea jioni wakati yeye anaosha vyombo, hapo pamegeuka kuwa utumishi wa ndani.

Akidokeza kwamba ameguswa au kupigwa na mtu yeyote, akiwamo mtu wa nyumba yako, usianze uchunguzi wako mwenyewe wala usiite kikao cha familia. Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi, au piga namba 116, ambayo haina malipo. Kijana mwenyewe aijue namba hiyo kwa kichwa.

Shule na kazi

Ada katika shule za serikali imeondolewa tangu 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita, ingawa sare, daftari na chakula bado vinagharimu. Aliyekatiza masomo, akiwamo msichana aliyejifungua, anaruhusiwa kurudi shuleni chini ya waraka uliotolewa mwishoni mwa 2021. Kwa anayependa ufundi kuna chuo cha VETA Moshi, na kwa upande wa hoteli na utalii kuna chuo cha VETA kilichopo Njiro, Arusha. Upagazi wa mlimani huwavutia vijana wengi kwa sababu bahashishi hulipwa mkononi. Usiwe mpango pekee, maana msimu wa mvua kazi hupungua.

Mwaka wa kwanza

Kaeni chini na kuandika makubaliano kabla kijana hajatimiza miaka 18: atakaa nyumbani mpaka lini, atachangia nini akianza kupata, na akiugua atampigia nani. Akienda kupanga chumba, msindikize, kwa sababu wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na humheshimu zaidi kijana aliyekuja na mtu mzima. Akiwa na wenzake wenye mradi, wanaweza kuunda kikundi na kuomba sehemu ya asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba ya vijana. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanzia.

Kabla Ustawi wa Jamii hawajalifunga faili lake, kijana na mlezi waende pamoja ofisini kuomba nakala za barua ya kukabidhiwa kwake, taarifa za wazazi zilizomo na rekodi za afya na shule, kisha azihifadhi yeye mwenyewe, na nakala nyingine ibaki kwa mlezi.