Kuingiza elektrodi ya koklea bila kuumiza sikio la ndani

Daktari mwenzangu unayeanza kupandikiza kifaa cha koklea, yaani waya wa elektrodi unaoingizwa koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, ili kusisimua neva kwa umeme, mgonjwa ambaye bado anasikia mdundo wa ngoma au mngurumo wa lori ana mali ya kulindwa. Elektrodi ikibaki skala timpani, mfereji wa chini wa koklea, mali hiyo huenda ikasalimika. Ikitoboa utando wa basila, ulio juu ya mfereji huo, na kuhamia mfereji wa juu, maji mawili yenye chumvi tofauti huchanganyika, seli za nywele, zinazopokea sauti, hufa, na baadaye kovu, hata mfupa mpya, huota humo.

Hatua ya 1. Mwombe daktari wa usingizi ampe mgonjwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kabla hujafungua koklea.

Hatua ya 2. Chonga ukingo wa mfupa unaoficha dirisha la mviringo, tundu lenye utando la kuingilia koklea. Tumia kichwa cha almasi cha milimita 1, kizunguke taratibu, maji yakitiririka. Keekee isiguse vifupa vya kusikia, maana mtetemo wake hupenya ndani kama kelele kali. Osha vumbi na damu, badilisha glavu.

Hatua ya 3. Dondoshea asidi ya hyaluroniki, ute wa kulainisha, juu ya utando wa dirisha. Uchane kwa ncha ya sindano elektrodi ikiwa tayari mkononi. Mrija wa kufyonza usisogee hapo: maji ya ndani ni matone machache tu.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Elekeza ncha mbele na chini kidogo, uupe mgongo utando wa basila. Egemeza kiganja, pumua, sukuma polepole mno; kwa elektrodi ya milimita 25, dakika mbili si nyingi. Ukihisi inagoma, au waya unaanza kupinda nje ya dirisha, simama. Subiri nusu dakika. Jaribu tena kwa upole. Ikigoma, ishia hapo, hata kama mguso mmoja au miwili, vile vituo vya umeme kwenye waya, imebaki nje. Mwaka wangu wa kwanza nilisukuma ili miguso yote iingie. Iliingia, na mtoto akaamka bila ule usikivu aliokuja nao. Bado naikumbuka picha ya masikio yake kabla ya upasuaji.

Hatua ya 5. Ziba tundu kwa kipande kidogo cha fashia, utando unaofunika misuli. Pima ukinzani wa umeme wa elektrodi na mwitikio wa neva, kisha piga eksirei kabla ya kushona. Ncha iliyojikunja inaweza kujificha nyuma ya ukinzani mzuri.

Hatua ya 6. Baada ya mwezi mmoja, pima usikivu kwa hezi 250 na 500, uweke matokeo pembeni ya yale ya awali, ndani ya faili lilelile.