Saa Nane, Mihuri Kumi na Chenji: Namna ya Kumfanya Mteja wa Juisi Arudi

Wateja wakipungua, muuza juisi wa Dodoma hukimbilia kushusha bei. Bei ikishuka wanakuja, ikirudi wanaondoka, na jirani naye ameshashusha. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kuibandika glasi yako kwenye saa fulani ya siku ya mteja, kisha kumpa sababu ndogo ya kuirudia saa hiyo mpaka izoeleke. Unamfaa mwenye kibanda kinachouza glasi kati ya 40 na 150 kwa siku. Hesabu zote ni za mfano, kwa glasi ya juisi ya zabibu ya shilingi 1,000 inayokugharimu 450. Weka namba zako mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta saa yako

Hakuna anayewaza juisi siku nzima. Anaiwaza jambo fulani likitokea: ametoka kula wali, ameshuka kwenye daladala, kipindi kimeisha. BJ Fogg, mtafiti wa tabia wa Chuo Kikuu cha Stanford, anasema tendo hufanyika pale hamu, urahisi na kichocheo vinapokutana kwa wakati mmoja. Kwa jua la Dodoma la mwezi wa kumi, huna haja ya kutengeneza hamu. Urahisi ni suala la hatua ngapi mteja anatembea. Kinachokosekana mara nyingi ni kichocheo.

Chukua daftari, gawanya siku kwa nusu saa, na kwa siku 6 piga mstari kwa kila glasi inayotoka. Vitatokea vilima viwili au vitatu, yaani saa ambazo mistari imerundikana. Chagua kimoja tu. Kama ni saa nane mchana watu wakitoka kula, ubao wako usiandike “Juisi tamu hapa”, uandike “Ukimaliza kula, pitia hapa”. Kubaliana na mama lishe wa jirani awakumbushe wateja wake anapopokea hela, nawe uwaelekeze kwake wenye njaa. Neno lake wakati huo lina nguvu kuliko spika ya kutwa nzima.

Usifukuze vilima vyote kwa pamoja. Mazoea hujengwa na kitu kilekile, saa ileile, mahali palepale. Ukifunga mapema Jumanne na kuchelewa kufungua Alhamisi, unayavunja wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Ladha isibadilike

Hapa hakuna saikolojia ya kina. Pima zabibu kwa mizani na maji kwa jagi lenye alama, usikadirie kwa macho. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka na utamu wake hautoki sawa, kwa hiyo sukari iongezwe baada ya kuonja, kwa kijiko kilekile. Msimu ukiisha, tumia rojo uliloligandisha kwenye friza, au uza ukwaju na ubuyu kwa jina lake. Kuchakachua juisi kwa rangi na kuiita zabibu kunaua kazi yote inayofuata.

Hatua ya 3: Kadi ya mihuri

Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la mahali pa kuosha magari Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu zilikuwa na nafasi 8 tupu. Nusu nyingine zilikuwa na nafasi 10, mbili zikiwa zimeshagongwa muhuri. Kazi ni ileile, kuosha mara 8 upate moja bure. Waliomaliza kadi ya nafasi 8 walikuwa asilimia 19, ya nafasi 10 asilimia 34. Mtu anayeona ameshaanza safari huona uchungu kuiacha njiani.

Basi chapisha nafasi 10 na ugonge 2 mbele ya mteja anapopewa kadi. Mpe na sababu: “Hizi mbili ni za kukukaribisha.” Zawadi isiyo na sababu humtia mtu wasiwasi kwamba bei imepandishwa mahali.

Hesabu yake: glasi 8 zinaleta 8,000, na glasi ya bure inakugharimu 450, yaani chini ya asilimia 6 ya mauzo hayo. Ungeshusha bei kwa shilingi 100, ungepoteza 800 kwa glasi hizohizo 8, na mteja asingekuwa na cha kumalizia.

Kadi ya sentimita 8.5 kwa 5.5 inatosha pochini, na karatasi moja ngumu ya A4 inatoa kadi 10. Andika namba kwenye kila kadi, tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho, miezi mitatu mbele. Muhuri uchongwe alama ya kwako, mfano kishada cha zabibu. Muhuri wa tarehe unauzwa kila steshenari, na kuna watakaounua. Badilisha rangi ya wino kila mwezi.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa yanavyojitokeza:

Kadi husahaulika nyumbani. Weka kisanduku kaunta, anayetaka aiache humo. Ukimwambia “bila kadi hakuna muhuri”, amekasirika kwa ajili ya muhuri ambao wiki iliyopita hakuujua.

Muuzaji huwagongea marafiki. Jioni linganisha mihuri na glasi, bila kuhesabu ile miwili ya kukaribisha. Muuzaji aandike namba ya kadi kila anapogonga. Mihuri ikizidi glasi, tafuta namba inayojirudia siku moja.

Mteja akishapata ya bure hupoa. Watafiti Kivetz, Urminsky na Zheng, katika kazi yao ya mwaka 2006 kuhusu kadi za kahawa, waliona watu wakiongeza mwendo wanapokaribia zawadi, kisha wakirudi nyuma kadi mpya inapoanza. Dawa ni kumpa kadi mpya, yenye mihuri miwili, mkono mmoja na ile glasi ya bure. Usisubiri aje tena.

Hatua ya 4: Nyongeza isiyotabirika

Majaribio ya mwanasaikolojia B. F. Skinner na njiwa yalionyesha kuwa malipo yasiyotabirika hushikilia tabia kwa muda mrefu kuliko yanayotoka kwa mpango. Kamari inaishi kwa kanuni hiyo, kwa hiyo itumie kwa kipimo cha chumvi. Mara moja moja mwongezee mteja robo glasi bila kutangaza. Usitangaze droo wala kuuza “bahati”. Hapo unaingia kwenye mambo ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na kinachobadilika kiwe nyongeza tu, kamwe kisiwe juisi yenyewe.

Hatua ya 5: Mwisho wa huduma

Mtu hukumbuka zaidi kilele na mwisho wa jambo kuliko urefu wake. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walilionyesha hili mwaka 1993 kwa watu waliotumbukiza mikono kwenye maji baridi. Kibandani mwisho ni chenji. Juisi inaweza kuwa nzuri sana, lakini mteja akisimama juani dakika tatu ukizunguka kuchenjisha elfu kumi, au ukimpa pipi badala ya mia mbili yake, hicho ndicho anachoondoka nacho. Bei iwe namba kamili. Asubuhi anza na noti na sarafu ndogo za angalau 20,000. Namba ya malipo kwa simu ibandikwe usawa wa macho, siyo nyuma ya friji.

Hatua ya 6: Pima waliorudi

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London ulikuta mtu wa katikati huchukua siku 66 kuzoea tabia mpya, wengine kuanzia 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usihukumu kadi kwa wiki mbili. Ipe wiki 10. Chukua namba za kadi zote za wiki ya kwanza, hesabu ngapi zimegongwa wiki ya 2, ya 4 na ya 8. Zikikwama nyingi kwenye muhuri wa tatu, tatizo ni ladha au saa yako. Zikikwama kwenye wa nane, kagua tarehe ya mwisho.

Angalia kalenda kabla ya kujisifu. Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa mjini, mauzo yanaweza kupanda bila kadi. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakifunga, yanashuka. Baridi ya Juni na Julai nayo inakata hamu ya barafu. Miezi hiyo gonga kadi ileile kwa chai ya tangawizi ili saa ya mteja isipotee.

Ukitaka kuwakumbusha kwa WhatsApp, omba ridhaa kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu namba za simu pia. Tuma kwa orodha ya matangazo (broadcast), si kwa grupu ambamo kila mtu anaona namba ya mwenzake. Mara moja kwa wiki, nusu saa kabla ya kilima chako.

Siku ukiamua kuacha kadi, tangaza siku 30 kabla na uzilipe zote zilizo nje. Aliyebakiza muhuri mmoja mpe glasi yake siku hiyohiyo.