Jinsi ya kuisoma injini ya mvuke kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi

Makumbusho ya Reli Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, hatua chache kutoka stesheni kuu. Wageni wengi hulikimbilia behewa la ukaguzi namba 12, ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Ryall pale Kima mwaka 1900. Wakishapiga picha huondoka. Behewa lile lina haki yake. Ila mali yenyewe iko uwanjani, zilikosimama injini, na injini haisemi neno kwa asiyejua pa kuanzia.

Beba futi ya chuma ya mita 5, tochi, daftari, kitambaa cha kufutia mikono, na vaa viatu vya kufunika vidole. Fika saa tatu asubuhi. Ikifika saa saba mchana chuma cheusi hakishikiki. Kabla ya kupanda chumba cha dereva, muulize mhudumu. Ukiona kitu cheupe kama pamba kinachungulia chini ya bati la boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke), usikiguse wala kukipuliza: boila za enzi hizo zilikuwa zikivikwa asbesto ili joto lisipotee, na vumbi lake huharibu mapafu.

Reli kwanza, injini baadaye. Pima kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa ya pili. Utapata milimita 1000, au zaidi kidogo kama reli imelika. Ukipata 1060 na ushei, umepima katikati ya vichwa vya reli, rudia. Shika kipimo hicho kichwani, kwa kuwa kila utakachokiona juu yake kilisanifiwa kitoshee mita hiyo moja.

Soma namba. Kwenye injini za Reli za Afrika Mashariki, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, yaani aina ya injini, mbili za mwisho ni nafasi yake katika daraja hilo. 5918 ni ya kumi na nane katika daraja la 59. 2921 ni ya ishirini na moja katika daraja la 29. Namba za tarakimu mbili au tatu ni za mfumo wa zamani, usizipasue hivyo. Majina nayo yana mpango: daraja la 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila, la 59 majina ya milima. Gelai (5918) na Shengena (5930) zote ni za Tanzania, na zimesimama Nairobi. Reli ilikuwa moja.

Hesabu magurudumu. Simama ubavuni, anzia mbele, hesabu unayoyaona kwa mafungu: madogo ya mbele, makubwa yaliyounganishwa kwa mkono wa chuma, madogo ya nyuma. Kila fungu lizidishe kwa mbili. Injini ya daraja la 29 itakupa 2-8-2, ya daraja la 31 itakupa 2-8-4. Kosa la kila siku ni kuhesabu na magurudumu ya tenda, lile gari la maji na mafuta linalofuata nyuma. Hayahesabiwi.

Ukifika kwenye Garratt za daraja la 59, hesabu itakukorofisha usipoigawa. Ni mitambo miwili iliyobeba boila moja katikati: 4-8-2, kisha nafasi tupu, kisha 2-8-4. Inama utazame hiyo nafasi tupu. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja, ndiyo maana watengenezaji wake, Beyer Peacock wa Manchester, waliweza kuweka boila ya kipenyo cha futi 7 na inchi 6, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli, bila kugongana na ekseli. Zilijengwa 34 katikati ya miaka ya 1950, kila moja tani 252 ikiwa imejaa maji na mafuta, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzizidi ukubwa. Kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1600 juu.

Kokotoa nguvu ya kuvuta. Hapa ndipo futi inapolipa. Tumia inchi na ratili, maana mafundi wa Manchester walichora kwa vipimo hivyo.

1. Gurudumu kubwa: usizungushe futi kwenye duara, ukingo wa gurudumu utakudanganya. Pima wima kutoka uso wa reli hadi katikati ya ekseli, zidisha kwa mbili. Daraja la 59: 27 × 2 = 54.
2. Mwendo wa pistoni: pima kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pini nene inayoshikwa na mkono mkubwa utokao kwenye silinda, zidisha kwa mbili. 14 × 2 = 28. Futa grisi kwanza, vinginevyo utaikosa katikati ya pini.
3. Kipenyo cha silinda hakipimiki kwa nje. Tumia 20.5.
4. Shinikizo la mvuke: ratili 225 kwa inchi ya mraba.

Sasa: 0.85 × 225 × 20.5 × 20.5 × 28 ÷ 54 = karibu 41,675. (Ile 0.85 ni kwa sababu huhesabiwa asilimia 85 tu ya shinikizo la boila.) Garratt ina silinda nne, yaani jozi mbili, kwa hiyo zidisha kwa mbili: ratili 83,350, takriban kilo 37,800. Kwa injini ya kawaida yenye silinda mbili, usizidishe.

Anayepima kifuniko cha silinda badala ya tundu lake huharibu hesabu yote, kwani kipenyo kinajizidisha chenyewe: ukiandika 26 mahali pa 20.5, nguvu inapanda kwa asilimia 60. Ukipata gurudumu dogo kidogo kuliko 54, huenda hujakosea. Chuma cha nje cha gurudumu huchongwa upya kila kinapolika. Gurudumu likipungua, injini huvuta zaidi lakini hukimbia polepole.

Fuata mvuke. Anzia chumba cha dereva, kwenye mlango wa tanuri. Hutaona nafasi ya makaa, kwa sababu daraja hili liliunguza mafuta mazito. Mvuke hutoka juu ya boila, hushuka mabombani kwenda mitambo yote miwili, na mabomba hayo yana viungo vinavyocheza ili mitambo ipinde konani. Mulika tochi hapo. Kiungo kikivuja enzi za kazi, nguvu ilipotea kabla ya kufika silinda. Halafu tazama bomba la moshi. La duara ni la kawaida; lililobapa kama kiberiti kilichosimamishwa ni la muundo wa Giesl, mhandisi wa Austria, lililofungwa baadaye ili kuvuta moto vizuri kwa mvuke mchache.

Mwisho, kibati cha mtengenezaji. Nakili namba na mwaka, lakini usidhani boila ni ya mwaka huo. Karakana zilikuwa na desturi ya kushusha boila iliyochoka na kupandisha iliyokwisha kutengenezwa, kutoka injini nyingine ya daraja lilelile. Tafuta namba iliyogongwa kwenye boila yenyewe, uiandike kando.