Jengo la biashara: omba mikataba ya wapangaji kwanza

Ukionyeshwa jengo la maduka au ofisi linalouzwa, usianze na rangi na vigae. Omba mikataba ya wapangaji, yote, pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha kodi ya pango ikiingia kwa miezi 12 iliyopita. Orodha aliyoandika muuzaji haitoshi; wapo wanaotoa punguzo la kimyakimya ili jengo lionekane limejaa.

Kisha piga hesabu ya kinachobaki. Tuseme bei ni 1,000,000 na pango la mwaka ni 120,000. Dalali atakuambia faida ni asilimia 12. Toa bima, ulinzi, ukarabati, kodi ya majengo, malipo ya msimamizi na miezi ambayo vyumba hukaa vitupu. Zikifika 45,000, unabaki na 75,000, yaani asilimia 7.5, na hapo marejesho ya mkopo bado.

Sasa angalia tarehe. Kama mpangaji mmoja analipa 50,000 kati ya zile 120,000 za pango na mkataba wake unaisha karibuni, akiondoka unabaki na 25,000 tu, maana bima na ulinzi havipungui. Duka kubwa huchelewa sana kupata mtu. Kaongee naye ana kwa ana, muuzaji akijua: ana mpango wa kubaki? Anadai matengenezo gani? Muuzaji akikataa usimwone, mimi ningeachana na jengo hilo.

Hati na matumizi yanayoruhusiwa ya kiwanja mwachie mwanasheria wako, si wa muuzaji.