SOMO: Ubongo unavyodhibiti joto la mwili, na kwa nini mwenye homa hutetemeka

"Mbona mtu anachemka halafu anaomba blanketi?" Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Someni hatua zote kabla ya kuuliza.

1. Neva za ngozini hupima joto la nje. Ubongo wenyewe hupima joto la damu inayoupitia.

2. Haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, hulinganisha vipimo hivyo na kiwango inachokilenga, karibu nyuzi 37 za Selsiasi.

3. Joto likizidi, mishipa ya ngozini hutanuka na jasho hutoka. Likipungua, mishipa hujibana na misuli hutetemeka.

4. Homa. Hapa ndipo wengi hupotea. Vijidudu vikiingia, kinga ya mwili huchochea utengenezaji wa prostaglandini, yaani kemikali za mwili zinazopeleka ishara, nazo hukipandisha kile kiwango. Kikifika 39 wakati mwili bado uko 37, ubongo huhesabu kwamba mwili una baridi. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka huku joto likipanda. Parasetamoli hupunguza prostaglandini, kiwango hushuka, jasho humtoka.

ONYO: Kiharusi cha joto si homa! Aliyezidiwa na jua au kazi nzito hadi akapita nyuzi 40 na kuanza kuchanganyikiwa, kiwango chake hakijapanda, mwili umeelemewa. Parasetamoli haimsaidii. Ita msaada wa dharura, mtoe kwenye joto, mloweshe maji baridi na umpepee papo hapo. Kama hajitambui, usimnyweshe chochote, atapaliwa.

Swali: Kwa hiyo nikiwa na homa nijifunike gubigubi nitoe jasho nipone?
Jibu: Rudia hatua ya 4. Jasho hutoka kwa sababu kiwango kimeshashuka. Kujifunika hakukishushi.

Swali: Mkuu, mbona kukiwa na unyevunyevu jasho linatiririka na joto haliishi?
Jibu: Umeuliza jambo la maana. Kinachopoza ni jasho kukauka, kwani likigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Hewa ikishajaa unyevu halikauki, unapoteza maji na chumvi bure. Feni husaidia kwa kuiondoa hewa nyevu iliyoizunguka ngozi.

Swali: Na vichanga? Wangu sijamwona akitetemeka.
Jibu: Umeangalia vizuri. Vichanga hutegemea mafuta ya kahawia, mengine yako kati ya mabega, ambayo ubongo huyaamuru yaunguzwe kuwa joto. Akiba yake ni ndogo, kwa hiyo mtoto akizaliwa akaushwe haraka, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja.