SOMO: Kutambua jani la kisukuku (jani la kale lililohifadhiwa ndani ya jiwe) kwa umbo na mishipa (soma KABLA ya kunitumia picha)

Wakuu, wiki hii nimetumiwa picha saba za mawe na swali ni lile lile: "hili jani la mti gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Hakikisha ni jani. Vile "vijitawi" vyeusi kwenye nyufa za chokaa mnavyonitumia kutoka mapango ya Amboni ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji. Havina ukingo wala mshipa mkuu.

2. Piga picha jua likiwa pembeni, asubuhi au jioni. Weka rula.

3. Chora kwa penseli.

4. Umbo: mkuki, yai, moyo, ulimi? Tazama kitako (pale jani linaposhikana na kikonyo) na ncha.

5. Ukingo. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilikuwa na jani lenye meno makubwa upande mmoja, nikalitangaza mbele ya watu kuwa la aina ya peke yake. Mzee mmoja akachukua lensi, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Mishipa inaishia wapi?" Ilikuwa imekatika ghafla, kama kamba iliyokatwa kwa panga. Yale hayakuwa meno, ni jiwe lililomeguka! Kwenye ukingo wa kweli mshipa hupinda ukaungana na mwenzake, au huingia ndani ya jino, au hufifia taratibu. ONYO: usihesabu meno kabla ya kufuata mishipa mitatu minne hadi mwisho wake. ONYO la pili: usitupe kipande cha pili cha jiwe. Mara nyingi ukingo uliokosekana huku uko kule.

6. Mishipa. Jizoeze na majani ya nyumbani. Mkonge: yote sambamba. Mkunazi: mitatu inaanzia kitakoni. Mwembe: mmoja katikati, mingine pembeni kama unyoya. Kisha tafuta wavu mdogo katikati yake.

7. Umri wa mwamba. Jiwe likiwa la Karoo, yaani miamba ya kale sana, msiniletee mwembe. Mimea ya maua ilikuwa bado.

MASWALI

Kijana wa Makorora: Mkuu nimekutumia picha, jani gani hilo?

Mimi: Hatua ya 2. Rula iko wapi?

Kijana wa Makorora: Mbona mkali? Nimeliosha hadi na sabuni litakate.

Mimi: Mwamba wa tope ukilowa huvimba, ukikauka hubanduka, na jani linaondoka nalo. Brashi laini, KAVU. Si ukali, nasikitikia jiwe.

Binti Pangani: Shikamoo mwalimu. Nimechuma mwarobaini, kila jani dogo kitako chake kimekwenda upande. Ni ugonjwa?

Mimi: Marahaba mwanangu. Si ugonjwa, na umeona jambo linalowapita wengi. Kitako kilichokwenda upande mara nyingi huashiria kuwa ulichoshika si jani zima bali kipande cha jani moja lililoundwa na majani madogo mengi. Jamii ya kunde nayo ina tabia hiyo. Kule Mahenge, Singida, kuna majani ya jamii hiyo yaliyolala chini ya ziwa la kale kwa miaka milioni 46 hivi. Endelea kuchuma.

Fundi Mawe: Glossopteris na Gangamopteris, ile mimea ya kale ya Karoo: majani ya zote umbo la ulimi, zote mishipa ya wavu. Natofautishaje?

Mimi: Glossopteris ina mshipa mkuu dhahiri, Gangamopteris haina. Ila jiwe likivunjika kwa urefu, mshipa mkuu unapotea na utadanganyika. Rudi hatua ya 5.

Mdau Chumbageni: Nikachimbe wapi hapa Tanga?

Mimi: Usichimbe. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kibali kwanza.

Mama Raskazone: Kwa mazoezi ya hatua ya 6, mie huchemsha majani magumu kwenye magadi, moto mdogo, kisha nasugua kwa mswaki laini. Nyama yote inatoka, inabaki mishipa mitupu kama kimia.

Mimi: Asante sana mama, hii sikuijua. Yakae muda gani motoni?

Mama Raskazone: Mpaka jani liteleze kwenye vidole. Na usitumie sufuria ya alumini, magadi yataila. Yangu ya wali ilikwenda hivyo.